Kanda za Elinami

Kijiwe chetu cha Daraja Mbili kiko ubavuni mwa kibanda cha fundi redio, na ubishi huanza kahawa ikishamiminwa. Mwaka 2004 kompyuta za mtumba zilikuwa zimejaa mjini, na kila mmoja wetu alijiona mtaalamu. Asubuhi hiyo akaja Tekla, mjane wa rafiki yetu Elinami, na mfuko wa kanda za video. Marehemu alizirekodi mwenyewe kwa kamera ya mkononi: nyumbani, kanisani, na shambani kwa wazazi wake Olmotonyi. Tekla alikuwa amenunua kompyuta, akataka tumwambie atumie programu gani kuzihariri.

— Shemeji, usihangaike, alisema Koikai, tuliyemwita Megabaiti kwa sababu aliwahi kuanza kozi ya kompyuta. Chukua ile yenye madoido. Picha inageuka kama ukurasa, maua yanadondoka.

— Maua ya nini bwana? Ephraimu, fundi wa madishi, jina lake kijiweni Dish, aliweka kikombe chini. Achukue ile ya watu wa sinema. Nairobi zipo kwenye sidii. Inafuta mawingu, Mlima Meru unauona wote.

— Kompyuta yake itaiweza? aliuliza Megabaiti.

— Ataongeza ramu, ile kumbukumbu ya mashine.

— Mimi nasikia kuna nyingine, Megabaiti akaendelea. Unailisha kanda zote, ukirudi unakuta imeshachagua yenyewe vipande vizuri.

— Inajuaje ni vizuri? Dish akauliza.

— Inatafuta watu wanaocheka.

— Basi misiba haiiwezi.

— Ya misiba ipo. Inauzwa peke yake.

Tekla alikuwa amekaa, mfuko mapajani. Nosim, mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake kwa fundi, alikuwa amesimama akitusikiliza.

— Samahani, alisema. Dada, wewe unataka kukata nini?

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Sitaki kukata kitu, Tekla akajibu. Elinami haonekani kwenye kanda hata moja, kwa sababu kamera alishika yeye. Iko sauti yake tu. Moja niliipeleka studio, wakasema hiyo sauti ni kelele, wakaifuta, wakaweka kinanda. Mimi nataka ziungwe, na sauti ibaki. Nitajifunza mwenyewe, hata nikichukua mwaka.

Megabaiti alijikuna shingo.

— Basi ile iliyokuja na kompyuta inatosha, shemeji. Unachokosa ni waya wa kuingizia kanda.

— Nionyeshe unavyochomekwa. Mengine niachie.

Tekla alikosea sana alipokuwa akijifunza. Kuna siku mashine iliganda, kazi yote ikapotea, akaanza upya. Desemba akatuita nyumbani kwake. Picha zilitikisika, lakini Elinami alikuwepo: anamtania mkewe, anakohoa, anamwambia mama yake ageuze uso kwenye mwanga.

Binti yao Angel, ambaye baba yake alifariki yeye hata hajatambaa, akauliza:

— Mama, nani anaongea?

— Baba yako. Ndiye aliyeshika kamera.

Mtoto akanyanyuka, akaenda kukaa karibu na spika.