Sikupiga Chafya

Benchi la kona ya duka la Tatico ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makreti mawili ya bia, na katikati umebonyea kwa sababu Kamusi hukaa hapo hapo kila siku. Mimi huja na chupa zangu mbili za kahawa na vikombe vidogo vya plastiki, nikakaa pembeni na mwanangu Yerlin mapajani, na kwa kuwa si msemaji, husikia kila kitu. Jumapili hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, mji wetu wote wa Baní umetoka nje kutafuta upepo, na upepo wenyewe haupo. Wenye benchi walikuwa watatu. Kamusi ni karani mstaafu wa posta, mwenye kamusi ya Kiingereza ambayo hajawahi kumwazima mtu. Mista aliosha vyombo New York miaka kumi na mbili, kisha akarudishwa kwa ndege na begi moja. Jonrón zamani alichukuliwa na kambi ya besiboli kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Siku hizi ana bodaboda. Walikuwa wakibishana kama maji ya barafu yanapoza mwili au yanauchemsha, bila nguvu, kila mtu akingoja mwenzake achoke kwanza. Ndipo Mama Ludovina akatoka kwake na simu mkononi, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Kwetu salamu kwa mkubwa ni kumwomba baraka.

Wote watatu: Baraka, Mama Ludo!

Mama Ludo: Mungu awabariki. Mista, sogea nikae. Nikishakaa nina neno na wewe.

Mista: Mama, mbona unaniangalia hivyo?

Mama Ludo: Ulinifundisha nini wewe?

Mista: Godi blesi yu. Mungu akubariki. Wiki nzima tumelisoma, mpaka kasuku wa Tatico analijua.

Mama Ludo: Leo nimemwambia Heda, kwenye simu ya video.

Heda ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Eligio aliye kule Maine, juu zaidi ya New York, kwenye kiwanda cha samaki. Mama yake ni wa huko huko, na alimpa mtoto jina la Heather. Jina hilo linataka ulimi utoke katikati ya meno, na Mama Ludo anasema kwa umri wake hatoi ulimi mbele za watu.

Kamusi: Enhe, akasemaje?

Mama Ludo: Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akasema maneno yake. Eligio akanitafsiria: "Mama, anasema hajapiga chafya."

Jonrón akaangua kicheko, kisha akaona uso wa Mama Ludo akakigeuza kikohozi.

Mista: Duh. Ni kweli. Kule wanamwambia hivyo mtu akipiga chafya.

Mama Ludo: Na asipopiga?

Mista: Asipopiga hawamwambii kitu.

Kamusi: Ngoja kwanza. Sisi mtu akipiga chafya si tunamwambia "afya"?

Mista: Sisi ndiyo.

Kamusi: Na wao wanamwita Mungu?

Mista: Kwa ajili ya pua, ndiyo.

Jonrón: Mungu mzima!

Mama Ludo: Ulijua hayo yote, ukanifundisha?

Mista: Mama, maneno ni yale yale! Mungu ni Mungu, kubariki ni kubariki. Ningejuaje kwamba mtoto anahesabu chafya? Mimi nimeosha sahani. Jikoni hakuna anayembariki mtu. Miaka yote ile Kiingereza changu kilikuwa "moto", "niko nyuma yako" na "fanya haraka".

Mama Ludo: Basi ningemwambia "niko nyuma yako". Angalau ningekuwa sijasema uongo.

Alinyoosha mkono nikampa kikombe. Hakunywa. Alikishika tu kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake.

Mama Ludo: Sikilizeni, wanangu. Nina miaka sabini na sita. Yule mtoto ana minane. Sijawahi kumbariki hata mara moja akajua kwamba amebarikiwa. Nataka hilo tu. Aniombe, nimpe. Kama ninyi hapa mnavyoniomba, hata mkiwa mmelewa. Mnajitapa kila siku na Kiingereza chenu. Haya, nipeni neno.

Jonrón: Rahisi, mama. Jumapili ijayo Eligio achukue pilipili manga.

Mama Ludo: Ya nini?

Jonrón: Amnusishe kidogo. Mtoto atapiga chafya, wewe uko tayari kwenye simu: Godi blesi yu! Hana pa kukimbilia.

Mama Ludo: Nimwambie mwanangu amtie mtoto pilipili puani?

Jonrón: Kama pilipili kali, unyoya.

Kamusi: Haba na haba hujaza kibaba.

Mista: Kamusi, hiyo inaingiaje hapo?

Kamusi: Chafya mojamoja, kaka. Mpaka Krismasi mtoto ameshajaa baraka.

Mama Ludo: Mungu wangu, niliyaleta wapi haya!

Kamusi: Mama, mimi nimelifanyia utafiti. Kila baraka ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtoto akisema "baraka, bibi", mlango wa kuingilia umefunguka. Unatoka na "Mungu akubariki". Sasa kwenye Kiingereza, mlango wa kutokea upo. Wa kuingilia nimeutafuta herufi zote, haupo.

Mama Ludo: Basi watoto wao wanaombaje?

Kamusi: Hawaombi. Wanapiga chafya.

Jonrón: Ahaa! Ndiyo maana Mungu aliwawekea baridi!

Kamusi: Umeona? Sisi tumepewa mdomo wa kuomba, wao wamepewa mafua. Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Dhiki ndiyo chafya.

Mista: Acheni fiksi nyie.

Jonrón: Fiksi? Hebu angalia majumba yao. Magari yao. Unadhani ni kazi ile? Watu wanabarikiwa mara ishirini kwa siku, wanaume na wanawake, toka Novemba mpaka Aprili. Sisi hapa jua linatukausha pua, tunangoja mpaka tukutane na mkubwa wetu.

Kamusi: Utajiri wa mafua! Niliwahi kulisema hili posta, wakanicheka.

Mama Ludo: Hata leo wanakucheka, basi tu huoni.

Tulicheka, hata mimi, lakini kicheko hakikufika mbali. Joto lilikikalia. Mista ndiye aliyeacha kwanza, akawa anakizungusha kikombe chake kitupu kwa vidole viwili.

Mista: Mama, nikwambie kweli? Kile Kiingereza kilinichosha mpaka nywele. Hapa nikifungua mdomo mnacheka kabla sijamaliza. Kule nilikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Kulikuwa na mpishi akiniongelesha polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na mbuzi. Na mimi nilikuwa na jibu, mama! Jibu zuri, la kumkalisha chini. Linanijia usiku, nikiwa ndani ya basi narudi. Miaka kumi na mbili nilikuwa mcheshi wa kwenye basi, peke yangu.

Jonrón: Wewe afadhali ulikuwa na basi. Kambini walituletea mwalimu. Somo la kwanza: kocha akikuuliza mkono ukoje, jibu "gud". Somo la "unauma" lilikuwa la mwezi wa pili.

Mama Ludo: Sasa?

Jonrón: Mkono wangu haukungoja mwezi wa pili. Kocha anauliza, gud. Anauliza tena, gud. Kiwiko kinalia kama mlango mbovu, mimi gud, gud, gud. Siku ya tatu hata kijiko sikuweza kunyanyua.

Mama Ludo: Hukuweza kulia tu? Kulia hakuna lugha.

Jonrón: Nilikuwa na miaka kumi na saba, mama. Mbele ya wanaume.

Mama Ludo: Na Eligio wangu naye ndivyo alivyo huko?

Mista: Sisi New York tulikuwa wengi, mama. Ukichekwa, unapata wa kwenu mkamcheke aliyekucheka. Eligio yuko peke yake kwenye theluji na samaki. Hata wa kumwambia "umekosea" kwa lugha yake hana.

Mama Ludo: Aliwahi kuniambia kitu. Alikwenda shule ya Heda, mkutano wa wazazi. Akasimama, akasema lake. Watu wakatabasamu. Jioni mtoto akamwomba mara nyingine aende mama yake peke yake.

Kamusi hawezi kuvumilia mambo mazito. Akaninyooshea kikombe chake juu ya magoti ya wenzake.

Kamusi: Mama Yerlin, mbona unatusahau? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

Siku zote methali za Kamusi huanguka nje ya uwanja. Alikuwa akisema habari za kahawa tu. Lakini Mista alimkanyaga mguu, na Kamusi mwenyewe akaganda, kikombe hewani, akiisikia sentensi yake ikiendelea kwenda.

Mama Ludo: Mpe kahawa, mwanangu. Maskini, hakukusudia.

Nikammiminia. Wakati huo ndipo Dieuseul alipokata kona na sinia lake la karanga kichwani. Ni Mhaiti, hajamaliza mwaka mtaani kwetu, na Kihispania chake bado kinachechemea. Jonrón humwigiza kila siku. Alilishusha sinia kwanza.

Dieuseul: Baraka, Mama Ludo.

Mama Ludo: Mungu akubariki, mwanangu.

Jonrón: Umemsikia? Huyu hata kuhesabu karanga kwa lugha yetu hawezi, lakini baraka anaomba!

Dieuseul: Hilo ndilo nilijifunza kwanza. Bila hilo hakuna mtu ananunua. Kuna nini? Mbona mmekaa kama matanga?

Wakamweleza, wote kwa mpigo, chafya na pilipili na mlango wa kuingilia. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

Dieuseul: Huyo baba wa mtoto, yeye akikupigia huomba baraka?

Mama Ludo: Eligio? Kila mara. Ndilo neno lake la kwanza.

Dieuseul: Mtoto yupo?

Mama Ludo: Yupo hapo hapo, ubavuni kwake.

Dieuseul: Na mtoto hajawahi kuuliza baba anasema nini?

Alikuwa anauliza tu, kwa sababu hakujua. Mista akakuna shingo. Mama Ludo aliangalia simu yake muda mrefu, kisha akabonyeza ile alama ya kutuma sauti.

Mama Ludo: Eligio, mwanangu.

Tulimwona analitafuta swali, analipata, analizunguka.

Mama Ludo: Umekula?

Akaachia kidole.

Jonrón: Ah, mama!

Mama Ludo: Nilitaka kujua kama amekula.

Dieuseul alikuwa ameuza pakiti mbili za karanga, na mwanangu amesinzia, simu ilipolia kwa ujumbe wa sauti. Mama Ludo aliiweka katikati ya benchi, tukainama wote. Sauti ya Eligio ilitoka karibu, kama yuko ndani ya duka.

"Baraka, mama. Nimekula, usihangaike. Nimekula vizuri."

Nyuma yake sauti ndogo ikasema kitu kwa Kiingereza, ikapanda mwishoni. Eligio akaijibu neno moja. Ujumbe ukaisha.

Mama Ludo: Huyo ni Heda! Rudisha. Mista, hebu sikiliza, anasema nini?

Ukapigwa tena. Mista alisikiliza kichwa kikiwa upande.

Mista: Anamwuliza baba yake. "Umesema nini, baba?"

Mama Ludo: Kauliza! Dieuseul, umesikia? Kauliza mwenyewe!

Alipiga paja lake kwa kiganja. Tangu atoke kwake hakuwa amecheka hivyo.

Mama Ludo: Na Eligio kamjibu nini?

Lilikuwa neno jepesi. Hata mimi niliyeishia darasa la sita nalijua, liko kwenye kila filamu na nusu ya nyimbo. Maana yake, Eligio alimjibu mwanawe: "Hamna kitu."

Jonrón aligeuka akaitazama pikipiki yake. Kamusi alivua miwani akaanza kuifuta.

Mama Ludo: Mista.

Mista: Laini ilikwaruza hapo, mama.

Mama Ludo: Kamusi.

Kamusi: Hilo... hilo nitakwenda kulitafuta nyumbani.

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha uso kwa mtoto, nikamfunika miguu ambayo haikuwa na baridi.

Mama Ludo: Mngekuwa hamlijui, saa hizi mngeshaanza kubishana.

Akaichukua simu, akabonyeza tena, akaisogeza mdomoni karibu sana, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Mama Ludo: Mungu akubariki, mwanangu.

Kidole hakukitoa. Pikipiki moja ikapita, akaingoja iishe kelele.

Mama Ludo: Na huyo mtoto akikuuliza bibi yake kasema nini, mwambie.