Kadi Isiyofika kwa Mgonjwa

Basini, mshonaji aliikazia macho kadi ya kumpa pole mgonjwa, bado tupu, mapajani mwa jirani yake, mtunga kamusi aliyejitambulisha bila kuulizwa. "Hospitali ni kituo kijacho, kaka. Iandike, umpelekee mwenzio."

"Bado, dada. Ofisini kwetu hakitoki kitu mpaka wote tukubaliane. Tumekwama kwenye 'get-well' ya Kiingereza, yale maneno ya 'upone haraka' ya kuandika kwenye kadi. Ina kistari katikati? Na hiyo 'get' ni kupata, kufika, kuwa, au kuelewa?"

Mshonaji, ambaye angekuwa ameshapeleka chupa ya supu, alipandwa na mori. "Jamani, mgonjwa haulizwi uji!"

"Huyu tulimuuliza. Kapona, karudi kazini, na ndiye anayekikataa kistari."

Basi likasimama hospitalini. Hakushuka mtu.