Mzee Washa-Nione Anaiaga Karakana

Kwa miaka sita nimekuwa nikijiuliza swali moja bila kulimaliza: je, fundi wetu mkuu wa pikipiki huutambua ubovu wa pikipiki, au wa anayeiendesha? Sasa swali lenyewe lina haraka. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya idara yetu ya afya, na mimi, kama ofisa mafunzo, ndiye niliyepewa kazi ya kuyaandika anayoyajua kabla hajaondoka nayo. Pikipiki zetu kumi na nne zimezeeka, na wauguzi na wakunga wa vituo vya pembezoni hawana usafiri mwingine.

Aliajiriwa kama msaidizi wa stoo, kazi yake ikiwa kupanga spea kwenye rafu. Inasemekana, naye hakanushi, hucheka tu, kwamba alihamishiwa karakana kwa sababu kila fundi aliyefuata plagi dirishani kwake alirudi na plagi pamoja na maoni. Miaka kumi na miwili baadaye akawa fundi mkuu. Jina la Mzee Washa-Nione alipewa na wauguzi, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa kila mtu, hata kwa mkurugenzi aliyewahi kumletea redio ya mezani.

Wengi wetu huanza na betri. Yeye hurudi nyuma hatua mbili, mikono mfukoni, akamwacha mwendeshaji awashe. Starta ikilia mara moja na kunyamaza, huiendea betri na nyaya zake. Ikizunguka vizuri na moto usishike, huenda kwenye plagi na mafuta. Pikipiki ikisogea mbele ilhali klachi imebanwa, husema klachi haiachii. Injini ikipiga kelele mlimani bila mwendo kuongezeka, husema sahani za klachi zimekwisha. Hayo niliyaandika bila taabu.

Taabu ilianzia kwenye pikipiki ya mkunga mmoja. Nyumbani kwake iligoma karibu kila asubuhi. Ikibebwa na gari hadi karakana, iliwaka papo hapo. Ilibadilishiwa betri mara mbili na starta mara moja. Taarifa iliyosema kwamba tatizo halionekani, na kwamba huenda mkunga anakwepa zamu, niliiandika mimi. Ilibaki wiki moja pikipiki ihamishiwe kituo kingine, na wajawazito wa upande ule waanze kumsubiri mkunga anayekuja kwa miguu.

Mzee aliporudi kutoka likizo alimwita mkunga mwenyewe. "Washa nione, Mama, lakini kama unavyowasha nyumbani." Mkunga akaingiza gia ya kwanza, maana kwake ni mteremkoni na pikipiki hulala ndani ya gia isije ikaserereka. Akabana klachi, akabonyeza. Kimya.

"Unaona, fundi? Na nyinyi mnasema nadeka!"

Mzee hakuitazama injini hata kidogo, alivitazama vidole. Mkunga alibana kwa viwili tu, kwa kuwa cha tatu kiliwahi kuvunjika, na hakufika mwisho. Pikipiki ile ikiwa ndani ya gia haiwaki mpaka klachi ibanwe kabisa, ndipo swichi yake ndogo iruhusu umeme kupita. Sisi tulikuwa tukiiwasha ikiwa nje ya gia, kwenye sakafu tambarare.

"Hapa hakuna mgonjwa, Mama. Kuna wawili hawajazoeana."

Aliukaza waya wa klachi uliolegea, akausogeza mkono wa klachi karibu na vidole, akairekebisha swichi. Dakika ishirini. Siku hiyo hiyo niliiondoa taarifa yangu kwenye faili na kumwomba mkunga radhi. Alinisamehe kwa kicheko kilichosikika hadi masjala.

Mwongozo umekamilika, kurasa arobaini na tatu. Mwezi uliopita mafundi wawili walioutumia walipata ubovu wa pikipiki kumi na moja kati ya kumi na nne. Tatu zilizobaki alizipata yeye. Nilipomuuliza alijuaje, Jumanne alisema alisikia. Alhamisi, kuhusu pikipiki ile ile, alisema alimwona muuguzi ameegemea upande mmoja. Sidhani alinidanganya. Nadhani hata yeye hajui, wala hajawahi kuhitaji kujua. Zamani nilikiita kipaji. Siku hizi naelekea kukiita subira, ambayo walau inafundishika, ingawa nakiri kwamba hilo ndilo jibu ambalo ofisa mafunzo angependa liwe kweli.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila mkunga aliyefika kwa wakati. Tunakuombea afya, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na honi getini. Na mkeo, aliyekwisha kutuarifu kwamba cherehani yake iko ya kwanza kwenye foleni, tunamwombea uvumilivu. Kama niliyoyaandika yanatosha, sijui, wala siwezi kujua leo. Jaribio pekee la kweli ni kutokuwepo kwako, nalo linaanza Jumatatu.