Mkono wa Kumi na Nne Usifungwe: Wakazi wa Tongzipo Wamwomba Mhandisi Fu

Mgeni rasmi, Mhandisi Fu Yunzhi, mama uliyeyachora makutano haya ya barabara. Maofisa mliofuatana naye. Majirani wa Tongzipo. Na nyinyi madereva mnaopita juu ya vichwa vyetu ambao hamwezi kusimama hata mkitaka:

KARIBU

Karibu sana. Umefika, na kwa makutano haya kufika ni jambo la kushukuru. Bwana aliyetumwa mwaka jana kutukagua alitupungia mkono kutoka juu mara nne, kila mara akiwa ghorofa nyingine, kabla hajafanikiwa kutushukia. Tulimpa chai na kitambaa cha kufutia jasho, na hatukumcheka mbele yake.

Sisi wakazi wa chini ya makutano tumefurahi kukuona. Viti hivi tumeviazima shuleni, maua tumeyachuma wenyewe, na aliyepangiwa kukukabidhi ni Bi Luo Guifen, muuza tambi. Kiti chake ni hicho kilicho kushoto kwako. Habari zake zinakuja.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, kabla yako hapa palikuwa na mteremko, mashamba ya mboga na bwawa la bata la Mzee He. Miaka kumi na miwili iliyopita ulikuja kwenye ukumbi wa shule na mfuko wa kamba za viatu. Sisi tulikuja na hasira. Ukamwaga kamba mezani ukaanza kuzipanga: nyekundu ya uwanja wa ndege, buluu ya bandari ya mtoni, njano ya daraja la zamani, moja juu, nyingine chini, nyingine ikijizungusha na kutokea isikotarajiwa. Ghorofa tano, njia nane, mikono kumi na tatu ya kupandia na kushukia. Tulitazama mpaka shingo zikauma.

Mzee He, aliyekuja kupigania bata wake, ndiye aliyesimama.

"Binti, na mtu akikosea?"

"Akikosea vipi, mzee?"

"Akikosea tu! Mimi nina miaka sabini na sita, na sijawahi kupita mahali mara ya kwanza bila kukosea. Huyo wa bandarini akipitiliza, ndiyo basi? Aende mpaka mkoa wa pili?"

Hukucheka. Uliziangalia kamba zako kwa muda mrefu, kisha ukainama, ukachomoa kamba ya kiatu chako cha kushoto. Ukailaza kutoka ghorofa ya tatu, ikashuka mpaka mtaani kwetu, ikazunguka nyuma ya shule, ikapanda tena. Ukasema barabara haifai kumwadhibu mtu kwa kosa la sekunde moja; ashuke hapa, azunguke, apande, aendelee na safari. "Dakika kumi," ulisema. Ukaondoka jioni ile kiatu kikikupwaya, na sisi hasira zimetuisha nusu.

Huo ndio Mkono wa Kumi na Nne. Mzee He alitutoka mwaka juzi, na mpaka siku ya mwisho alishikilia kwamba mkono ule ni wake, wewe ulimshikia kalamu tu. Tunaomba usimbishie.

MAFANIKIO

Tukisema tumeteseka tutakuwa waongo. Mji huu una mvua na ukungu kuliko jua, na wewe umetupa paa. Chini ya ghorofa ya tatu akina mama wanacheza dansi kila jioni bila kulowa. Kuna meza mbili za mpira wa mezani, na nguo zinakauka katikati ya masika. Nguzo yako ya ishirini na mbili hutetema vizuri lori zito likipita, na wazee huegemeza migongo yao pale. Wanasema inashinda kuchuliwa.

Kosa letu moja tulikiri. Makutano yalipofunguliwa, wapotevu walitujaa. Tukaona tusaidie, tukapaka ubao mkubwa kwa rangi nyekundu: UWANJA WA NDEGE, PANDA PALE PALIPOKUWA NA BWAWA LA BATA. Sisi tuliona umeeleweka kabisa. Nani asiyejua bwawa lilipokuwa? Wageni wa watu walizunguka siku tatu wakitafuta bata. Bwana mmoja mwenye suti alimshusha mkewe kwenye gari na kumwambia, "Wewe tega sikio, mimi nitatazama." Ndege yao iliruka bila wao. Tuliung'oa ubao ule wenyewe, na sasa ndio meza ya kukatia vitunguu kwa Bi Luo.

CHANGAMOTO

Zipo, lakini ni za kawaida. Kiungo cha lami juu ya nyumba namba tisa kinagonga kila gurudumu likipita, na mwenye nyumba anadai anahesabu mpaka usingizini. Mfereji mmoja umeziba. Ile sauti ya kwenye simu inamwambia mtu "geuka kulia" bila kumwambia ghorofa ya ngapi. Haya tunayavumilia.

Lisilovumilika limekuja kwa barua. Mistari mipya ya rangi uliyokuja kuizindua leo, tunaipongeza kwa mikono miwili. Nyekundu ya ndege, buluu ya bandari, hata mtoto anafuata. Tangu ilipochorwa, wanaoshuka kwa Mkono wa Kumi na Nne wamepungua mpaka magari sita kwa siku. Maofisa wamekaa na kuhesabu, wakaandika: "Sita bado wanapotea, haitoshi kuutunza mkono." Mwisho wa mwezi utafungwa, pawe pa kuegesha magari.

Hapa kamati yetu iligombana. Katibu Qiu Dehai, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, alitaka tuandike sababu zenye heshima.

"Tuandike magari ya wagonjwa," alisema.

"Lini gari la wagonjwa limepita pale?" akauliza mama wa nyumba namba tisa.

"Halijapita. Linaweza kupita!"

"Qiu, mwanamke yule anajua hesabu kuliko wewe. Unamdanganya nani?"

Bi Luo alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. "Andikeni ukweli," alisema. "Mtu aliyevua kamba ya kiatu chake mbele za watu hashindwi kuelewa."

"Na bosi wa mwanao akisikia?" akauliza Qiu.

"Bosi wake? Bosi wake mwenyewe hupotea Jumatatu."

Basi tunaandika ukweli, Mhandisi. Wale sita si wapotevu. Ni watoto wetu.

Mashamba yalipokwisha, vijana wetu wengi walishika usukani: malori ya kontena, mabasi, teksi. Wanapita juu ya nyumba walimozaliwa na hawana ruhusa ya kusimama. Dereva akiacha njia kwenda kumwona mama yake, anakatwa mshahara. Lakini hakuna kampuni ya uchukuzi katika mji huu isiyojua Tongzipo, maana hakuna meneja ambaye hajawahi kupotea hapa yeye mwenyewe. Dereva akichelewa dakika kumi na kusema "nilipitiliza Tongzipo," anasamehewa bila swali. Kupotea kunasamehewa, kumsalimia mama hakusamehewi. Unaona sasa mambo yalivyo.

Aliyeanza ni Peng Jianbo, mtoto pekee wa Bi Luo. Mama mtu alimtafutia kazi ya ofisini, ya kukaa kwenye kiti chenye magurudumu. Kijana akasema magurudumu anayoyataka ni makubwa zaidi. Wakabishana mpaka mtaa mzima ukafunga madirisha kwa adabu, na Bi Luo, ambaye hasira zake ni za kuwaka na kuzimika, safari hii zilikawia kuzimika. "Ukipanda lori hilo, usiniite mama!" Kijana akapanda.

Miaka mitatu. Bi Luo alipika, aliuza, alicheza dansi mstari wa mbele, na mtu akimtajia Jianbo aligeuka kutafuta chumvi. Usiku hatujui. Mchana tulimwona akiinua kichwa kila lori lilipopita, kisha akijifanya anatazama kama mvua inakuja. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa akipita juu ya jiko lake mara mbili kwa wiki, na kwamba siku za baridi aliuona mvuke wa sufuria yake ukipanda hadi kwenye ukingo wa barabara.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka ghorofa zote zikamezwa. Jianbo akapitiliza mkono wa bandari. Kweli kabisa, siku hiyo alikosea. Gari likashuka kwa Mkono wa Kumi na Nne, likazunguka nyuma ya shule, likasimama mbele ya meza ya tambi. Bi Luo hakuinua uso. Wapotevu alikuwa amewazoea.

"Unakwenda wapi?"

"Bandarini."

Kijiko kikamtoka mkononi. Akakiokota, akakifuta kwa aproni.

"Umepotea au umekuja?"

"Nimepotea, mama."

"Basi kaa upotee vizuri. Mbona umekonda hivyo? Huko hawakulishi?"

"Nina dakika kumi tu."

"Tambi zinaiva kwa mbili. Nane zinakutosha kunieleza miaka mitatu?"

"Hazitoshi."

"Basi Alhamisi ijayo upotee tena!"

Alimwekea pilipili nyingi mno. Kijana akala huku machozi yanamtoka, na sisi sote pale tukakubaliana kwa sauti kubwa kwamba ni pilipili. Tangu siku hiyo Bi Luo anaimba akiosha bakuli, na anaimba vibaya, na hakuna anayemkataza.

Wengine waliona, wakajifunza kupotea. Binti wa marehemu Mzee He, dereva wa teksi, hupotea alasiri kumtia mama yake dawa ya macho. Kuna wa basi ambaye abiria wake wamekwisha kujua na humwagiza maandazi ya mvuke. Hawavuki dakika kumi. Hilo ni sharti letu, na anayelivunja tunamfukuza sisi wenyewe na mwiko.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi machache. Kiungo cha juu ya namba tisa kitiwe mpira mpya, ili mwenye nyumba aache kuhesabu. Mfereji uzibuliwe kabla ya mvua za mwezi wa sita. Meza ya tatu ya mpira haitatukera.

Na Mkono wa Kumi na Nne usifungwe. Mistari yako ni mizuri, tunataka watu wasipotee. Ila kuteleza si kuanguka, na wewe ndiwe uliyetufundisha hilo kwa kamba ya kiatu. Tuko tayari kuufagia mkono huo wenyewe, kuupaka rangi wenyewe na kuukagua kwa macho yetu kila siku. Maofisa wakirudi kuhesabu, waandike wapendavyo: wapotevu, wazembe, wasiojua kusoma rangi. Vijana wetu hawatakasirika. Tunachoomba ni kwamba anayetaka kurudi akute pa kurudia.

HITIMISHO

Nguzo zako zisititie, lami yako isipasuke, macho yako yaendelee kuona mbali, na popote duniani utakapokosea njia, pawepo mtu aliyekuchorea pa kugeuzia.

Sasa, Mhandisi, ukitazama kushoto kwako utaona kiti kimekuwa kitupu. Bi Luo hajakudharau, na ametuma radhi. Leo ni Alhamisi, siku mliyoichagua nyinyi, na saa nne na nusu imefika. Ukisikia honi mbili fupi juu yetu, usishtuke: ni Jianbo, ameanza kushuka. Maji ya tambi yamekwisha kuchemka.

Maua utakabidhiwa akirudi. Tunakuomba umsubiri. Ni dakika kumi tu, ulizipima mwenyewe.

Ni sisi,
Wakazi wa Tongzipo, chini ya ghorofa tano,
kwa niaba yetu na ya watoto wetu walio juu.