Dianah Arudie Kabla Hajaingia

Pale mtaani Kiuu, kati ya kinyozi na duka la gesi, kuna benchi lililokwisha kutatua shida zote za dunia isipokuwa za wanaolikalia. Sifuna hupita hapo kila asubuhi akitoka shifti ya usiku kiwandani Thika, akanywa kahawa mbili tatu kabla ya kwenda nyumbani. Huwakuta Wakili, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa kutoa ushahidi mara moja katika kesi ya mbuzi, na Daktari, ambaye hulinda lango la kliniki. Leo Sifuna alikuja na jambo zito. Chekechea ilitaka jibu kabla ya saa sita: binti yake Dianah, wa miaka mitatu, aingie shule Januari hii, au angoje mwaka mzima? Mkewe Dorine alikuwa amechoka kuamua kila kitu peke yake. Safari hii baba mtu aseme. Na baba mtu aliogopa, kwa maana alikuwa amesikia kwamba mtoto akianza vibaya, ubaya humfuata mpaka uzeeni.

— Usimpeleke mapema, Wakili alisema. Mimi nilipelekwa nikiwa kadogo. Wakaniweka nyuma ya Mumbi, msichana mrefu hivi. Ubao sikuwahi kuiona. Nilikuwa nakopi nywele yake.

Kutoka hapo, alieleza, mambo yalishikana mikono. Kwa kutoona ubao akawa wa mwisho. Kwa kuwa wa mwisho akapewa kazi ya kufagia darasa. Kwa kufagia akachelewa kurudi nyumbani na kukuta wenzake wamemaliza ugali. Kwa njaa hakurefuka. Na kwa ufupi huo akashindwa kuona ubao.

— Aliye juu mngoje chini, akasema. Nimemngoja Mumbi mpaka darasa la nane. Hakushuka.

Hata ploti yake, akaongeza kwa uchungu, iko nyuma ya ghorofa ya mtu na haioni jua.

Daktari alimhurumia kwa kujiona mjuzi. Kuanzia shuleni ni kuchelewa sana, alisema, mambo huharibika siku ya kuzaliwa.

— Mimi nilitoka tumboni miguu ikitangulia. Ndiyo maana mpaka leo nafika mahali kabla sijajua nimeenda kufanya nini. Samaki mkunje angali mbichi.

Hakuna aliyeuliza samaki ameingiaje. Wakili, ambaye hajapata kushindwa akiwa ameketi, alirudi nyuma zaidi, mpaka kwa guka, yaani babu yake. Mzee huyo alikuwa akienda kutafuta shamba karibu na maporomoko ya Chania, akachomwa na mwiba njiani. Akaketi kuutoa, akapitiwa na usingizi, na alipoamka wenzake walikuwa wameshamaliza kugawana. Ndiyo sababu ukoo mzima uko Ngoliba kukavu ukitazama kiangazi.

— Huo mwiba ndio ulinifelisha hesabu, Wakili alisema.

Sifuna alijaribu kukumbuka kama babu yake aliwahi kuchomwa na mwiba. Kwao Bungoma miiba haikosekani. Aliona Dianah amekwisha kuachwa nyuma kwa vizazi viwili. Ndipo Daktari akapata dawa.

— Arudie baby class kabla hajaingia. Sasa Januari wenzake wakianza, yeye anarudia. Amewashinda na mwaka mzima.

Wazo hilo lilimwingia Sifuna vizuri kabisa. Alikuwa ameshatoa simu ampigie Dorine wakati mama mmoja aliyeketi mwisho wa benchi na begi lake alipokohoa kidogo. Alijitambulisha kuwa Ngendo, anayemngoja keateka, mwangalizi wa nyumba za kupanga, amwonyeshe chumba cha kukodi.

— Samahani, Baba Dianah. Huyo mtoto akiamka asubuhi, kitu ya kwanza anaulizanga ni nini?

— Hiyo inahusiana aje? Wakili aliuliza.

— Nataka tu kujua. Wangu aliniuliza maswali mpaka nikampeleka shule mapema nipumue.

Wakili alimtazama Daktari, Daktari akamtazama Sifuna. Sifuna alijua kilo alizozaliwa nazo Dianah na namba ya viatu vyake. Lakini saa ya kuamka kwa mtoto ndiyo saa yake ya benchi, na yeye akifika nyumbani, Dianah huwa ameshapelekwa kwa jirani. Aliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya mtu asiyemjua. Akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akaondoka, huku Wakili akimkumbusha kwamba kikao hakijafungwa.

Alimkuta Dorine akijifunga kitambaa cha kichwa tayari kwa kazi. Dianah alikuwa ndiyo kwanza anaketi kitandani. Alimtazama baba yake kwa makini, kisha akamgeukia mama.

— Mama, leo kahawa ya baba imeisha?

Dorine alimwambia amuulize baba mwenyewe.