Maziwa Yaliyofunga Miguu ya Tata

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaosimama imara, asifiwe na wanaotetemeka! Mimi ni Kerubo, mama wa watoto wawili, nimeolewa hapa Sironga. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na wanaonijua husema mdomo wangu haukwenda shule. Sawa. Leo nitautumia huo huo.

Nashuhudia jinsi Mungu alivyomwokoa baba mkwe wangu, mzee Ondieki, ambaye nyumbani tunamwita Tata, yaani baba. Alimwokoa kutoka kwa nini? Kutoka kwa upendo wetu! Msicheke. Ngojeni.

Tata alikuwa mtu wa jembe. Alichuma maua ya pareto akiimba nyimbo za kanisa mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, kidole juu ya kidole, kama mtu anayesugua punje ya wimbi. Baadaye miguu ikawa inaganda mlangoni, kama imepigwa misumari. Sauti ikashuka. Uso ukasahau kucheka. Kijiko kikawa kinafika kinywani kitupu, uji wote umebaki kifuani. Ndugu zangu, mnajua aibu ya mzee wetu kumwagikiwa uji mbele ya wajukuu? Akakataa kula mbele ya watu. Akakonda mpaka mshipi wake ukatobolewa tundu jipya mara tatu.

Wengine walisema amerogwa. Daktari wa Kisii akasema hapana, ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa Parkinson, akampa vidonge. Aliyempeleka ni shemeji yangu Nyakundi, kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu yeye yuko kazini Kericho, huja mwisho wa mwezi. Shemeji alirudi na vidonge na neno moja: "Mara tatu kwa siku."

Nikamuuliza, "Na daktari amesema ale nini?"

"Ale chakula, mke wa ndugu yangu. Ulitaka ale nyasi?"

Basi tukamlisha. Na tulimlisha kwa moyo wote! Mnajua kwetu dawa kali haimezwi kwa maji. Inamezwa kwa maziwa, isichome tumbo. Asubuhi Tata alimeza vidonge kwa kikombe kikubwa cha maziwa, na mayai mawili juu yake. Mchana vidonge na maharagwe, au supu ya kuku. Akina mama wa kanisa walileta vibuyu vya maziwa kila juma. Mimi ndiye niliyepika, lakini sikumpelekea mwenyewe, maana desturi yetu mke wa mwana haingii ovyo kwa baba mkwe. Napika, mama mkwe anabeba. Miezi minne tukafanya hivyo, na vidonge havikufanya lolote. Alizidi kuganda.

Kanisa likaamua kufunga na kuomba siku tatu, Alhamisi mpaka Sabato. Chakula ni jioni tu. Tata kwa ile sauti yake ndogo akasema naye anafunga. Mzee wa kanisa akaamua kwamba vidonge si chakula, ameze, lakini kwa maji matupu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa naanika pareto uani. Nikaona mtu anatembea kuelekea migombani. Nikadhani ni shemeji. Kutazama vizuri, ni Tata! Bila fimbo! Nilisahau adabu zote, nikatupa ungo, maua yakamwagika, nikapiga kelele.

Tata akageuka. "Nini, kuna nyoka?"

Sauti yake! Nilikuwa sijaisikia kutoka umbali ule kwa mwaka mzima.

Sabato alikwenda kanisani kwa miguu yake. Haleluya, tuliimba mpaka mabati yakalia! Na Jumapili tukafanya lile ambalo nyumba yoyote ya Mgusii ingefanya. Tulichinja kuku wawili, tukakaanga mayai, tukajaza vikombe maziwa, tukamwambia, "Kula, Tata, Mungu amekurudisha!" Akala. Akameza vidonge vyake katikati ya karamu.

Jioni akaganda. Jumatatu kutwa tena, kifungua kinywa cha maziwa na mayai, na miguu ikakataa kabisa. Mlangoni, misumari ile ile.

Jumanne shemeji akaita kikao. Akasema, "Mungu hafanyi kazi nusu nusu. Kuna mtu katika boma hili ameficha dhambi." Macho yote yakaja kwangu. "Mdomo huu," akasema, akininyooshea kidole, "ndio uliovunja maombi." Akataka nirudi kwetu Manga mpaka Tata apone. Na vidonge vitupwe chooni, kwa kuwa vinaonyesha hatuna imani.

Ndugu zangu, nilikasirika! Nilikasirika mpaka maziwa ya mtoto yakakataa kutoka. Nilikwenda migombani nikamfokea Mungu, ndiyo, nilimfokea: "Ulimwinua kwa nini kama ulitaka kumwangusha? Na kwa nini lawama iwe yangu?" Katika kufoka huko huko swali likanigeukia. Siku aliyosimama, alikuwa amekula nini? Hakuwa amekula kitu! Alikuwa na vidonge na maji tu. Na siku aliyoanguka? Kuku, mayai, maziwa. Nilivipika mimi kwa mikono hii!

Nikamwendea mama mkwe jikoni kwake. "Mama, vidonge visitupwe bado, nipe siku moja. Kesho asubuhi asinywe maziwa. Vidonge na maji, kisha baadaye kiazi kitamu."

"Nimnyime mume wangu maziwa, watu waseme namuua?"

"Wakisema, waambie ni mimi. Si wameshasema?"

Akanitazama sana. "Mdomo wako siku moja utakuzika," akasema. Kisha akachukua kibuyu cha maziwa, akakipandisha darini.

Kesho yake, jua kabla halijawa kali, Tata alitoka nje akiwa amebeba kigoda chake mwenyewe. Akakiweka, akakaa, akamwita shemeji kwa jina. Shemeji alikuwa amekuja kunisindikiza Manga. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilisema, "Haya shemeji, dhambi yangu leo imekwenda wapi?"

Lakini sikutaka tuishi kwa kubahatisha. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda Kisii kwa daktari. Nikamuuliza kama maziwa yanaweza kuishinda dawa ya Tata.

"Nani amekufundisha hayo, mama?"

"Mfungo, daktari."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba tumboni dawa hii na nyama, maziwa, mayai na maharagwe hupita mlango mmoja. "Nyama ikijaa mlangoni," akasema, "dawa inabaki nje inabisha hodi." Lakini akanionya vikali nisimnyime mzee vyakula hivyo, maana amekonda. Vihamie jioni, kazi za siku zikiisha. Asubuhi na mchana vidonge vimezwe kwa maji, kitambo kabla ya kula. Kisha ale viazi vitamu, ndizi, boga, mboga ya managu, uji wa wimbi usiotiwa maziwa. Anywe maji mengi, ale matunda na mboga, kwa sababu ugonjwa huu hukausha choo, na choo kikikauka dawa nayo inakwama. Akae wima akila, tonge dogo laini, asiharakishwe, asisemeshwe na chakula kinywani. Na akasema wagonjwa hawafanani, kila mmoja amuulize daktari wake. Nimeyaandika yote kwenye daftari la watoto, njooni mnakili.

Ndugu zangu, Tata hajapona. Sitawadanganya mbele za Mungu. Mkono bado unasugua ile punje yake ya wimbi, na kuna siku mbaya. Lakini mshipi umerudi matundu mawili nyuma! Anachuma pareto asubuhi. Jioni anakula yai lake na wajukuu, na akimwagikiwa wanacheka wote, yeye wa kwanza. Anaimba! Majirani wa ng'ambo ya mto wanaitikia!

Shemeji hakuniomba msamaha kwa maneno. Aliniletea boga kubwa, akaliweka mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Nililipika. Nimemsamehe. Dada mmoja wa kanisa akanishauri nimwombe Mungu aniondolee hasira. Nilimwambia, dada, ngoja kwanza, Bwana bado anaitumia.

Sabato iliyopita Tata alisimama mbele ya kanisa. Alishika meza, akangoja miguu imtii, akasema, "Mke wa mwanangu ana mdomo mkali. Namshukuru Mungu kwa mdomo huo." Kanisa likalipuka kwa kicheko, na mama mkwe wangu akalia.

Basi nakuambia wewe mwenye mgonjwa nyumbani, wewe uliyeambiwa kwamba imani yako ni ndogo: usitupe vidonge, wala usiache kuomba. Mungu aliyetusikia tukiwa na njaa ndiye aliyempa daktari akili. Mwulize Mungu, umwulize na daktari, na ukijibiwa vibaya, uliza tena! Mwamini Mungu. Mwenye kuweza kusimama asimame sasa tumshukuru. Asiyeweza, akae hapo hapo amshukuru vile vile. Hata Tata alianza akiwa amekaa. Amina!