Mama Duara na Kikao Chetu

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, nitayasoma kwa mpangilio mliouzoea, ila nawaambia mapema kwamba nina hasira, na kwenye karatasi niliyopewa kuna sentensi moja ambayo sitakubali ipite hivihivi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alizoea kusema kwamba huyu hakuanza kwa kulia, alitazama kwanza nani yupo chumbani. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1985, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1988.

Alifundisha darasani hadi Januari 1996, alipoajiriwa na idara ya maji kuwa mwezeshaji wa warsha, kazi ambayo wengi wetu hapa tulidhani ni kugawa kalamu na kutangaza muda wa chai. Alifika ukumbini kabla ya mfagiaji, akasukuma meza ukutani, akapanga viti duara, ndiko alikopatia jina la Mama Duara, kisha akabandika karatasi kubwa yenye jambo moja tu ambalo watu wale lazima wawe wameliamua kabla ya kutoka. Msemaji asiyejua kumeza mate alimsogelea, akasimama kando yake, akamshukuru, akayafupisha maneno yake kwa sentensi moja na kumgeukia mwingine, mbishi alimpa kazi ya kushika saa, wazito wa kusema aliwataka waandike hoja zao kwanza, halafu wazungumze wawiliwawili, na aliyekuja amenuna alimfuata wakati wa chai akamuuliza nani kamuudhi. Wenzake wa idarani wanamkumbuka mkurugenzi mmoja aliyeng'ang'ania maiki kama kairithi, dada akamwambia kwa tabasamu kwamba bosi ameeleweka vizuri mno, sasa ni zamu ya bosi kuelewa, ukumbi ukavunjika mbavu, mkurugenzi mwenyewe akacheka, na ratiba ya mgao wa maji iliyowashinda mwaka mzima ikapatikana kabla ya chakula cha mchana.

Tarehe 20 Agosti 1994 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu mpole ambaye hata kengele ya mlango aliibonyeza kwa kuomba radhi, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1997, shemeji akatutangulia mwaka 2013, na tangu hapo mama na binti wakaishi wawili, wakitaniana kama mawifi.

Mwezi Februari mwaka huu dada alianza kuumwa tumbo, akawa anajidanganya kwa vidonge vya dukani hadi binti yake alipomkokota hospitali, akagundulika kuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, na tarehe 11 Machi daktari bingwa wa upasuaji akasema wazi kwamba uvimbe bado ni mdogo, unatoka, apasuliwe mwezi huohuo. Dada alitaka kupasuliwa. Angeweza kuweka saini siku ileile, lakini alitujua sisi, alijua akifia mezani tutamgeuzia kibao mtoto aliyempeleka, kwa hiyo akasema anataka kwanza ukoo mzima ukubali, ili binti yake asije akanyooshewa kidole.

Basi tukakaa kikao. Baba Mkubwa, uliyeketi kiti cha mbele, shikamoo, ulitusimulia habari za mtu aliyeng'olewa jino akafa, ukazisimulia na matawi yake yote hadi watu wakaanza kuaga. Kikao cha pili kaka yetu mkubwa alitoka kila mara kupokea simu, na kila akirudi alitaka tuanze upya. Aprili ikaisha. Kikao cha tatu kilivunjika kwa kuwa Shangazi hakuwepo, na alipokuja cha nne akasema yeye hana neno, atafuata wengi, wakati wengi nao walikuwa wakimsubiri yeye. Binti alipofungua mdomo, mtu mzima mwenye kazi yake, akaambiwa watoto wasikilize, nami niliponyoosha mkono nikaambiwa nisubiri zamu ambayo haikufika. Na mgonjwa mwenyewe, aliyewanyamazisha wakurugenzi, alikaa kwenye kochi lake amekumbatia mto tumboni, anatutazama tu, nilipomnong'oneza awakatize akanijibu kwamba huko kazini yeye ni mwezeshaji, hapa ni mtoto wa tatu. Dada, hasira yangu nyingine ni kwako, ulitakiwa utufokee.

Tulikubaliana tarehe 29 Juni. Alipasuliwa tarehe 4 Julai, daktari akakuta uvimbe umeshasambaa hadi kwenye ini, akafunga, na dada akafariki asubuhi ya tarehe 17 Septemba, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Karatasi niliyopewa inasema alifariki kufuatia upasuaji, na tangu msiba uanze nasikia minong'ono kwamba binti ndiye aliyempeleka mama yake kwenye kisu. Huo ni uongo, na ni uongo wa kujisafisha. Dada yangu aliuawa na ugonjwa uliopewa nafasi ya kukua, na nafasi hiyo tuliutengea sisi tuliokaa viti vya mbele.

Familia inamshukuru daktari aliyetupigia simu mara kwa mara kuuliza tumefikia wapi, tukawa tunaona aibu kupokea, wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, waliomtembelea hadi mwisho.

Imetangazwa kwamba baada ya mazishi kutakuwa na kikao cha ukoo nyumbani kwa marehemu, binti aeleze ni nani alimruhusu kumpeleka mama yake hospitali. Kikao hicho hakipo. Nyumba ile sasa ni ya binti, ufunguo anao yeye, na mlangoni nitakaa mimi.

Dada, pumzika kwa amani, mtoto wako hana kesi ya kujibu.